Majina ni Mamoja, Mambo Siyo
Mashauri kwa wasafiri wa treni kati ya Nairobi na Mombasa



Siku hizi katika mitaa yetu ya Shinyanga imezuka desturi njema ambayo wazee wetu hawakuijua. Zamani mtu aliondoka kwake kwa sababu ya kazi, au ugonjwa, au msiba; kusafiri kwa ajili ya kuona tu kulihesabiwa kuwa upuuzi wa matajiri. Lakini sasa, pamba ikiisha kuuzwa, au mpunga ukipata bei, au kijana aliyeko machimboni Geita akituma fedha, jamaa hukaa pamoja wakasema, “Likizo hii tuwapeleke watoto wakaone bahari.” Na wako wachache, nao wanaongezeka, ambao huchagua njia ya Kenya: huenda kwa basi mpaka Nairobi, na kutoka huko hupanda treni mpaka Mombasa.

Naisifu desturi hiyo. Mtoto aliyeona mji wa watu wengine hurudi na maswali mengi, na maswali ni mwanzo wa elimu. Walakini fedha ya safari ya namna hii ni jasho la mwaka mzima, nayo yaweza kupotea katika saa moja pasipo mwizi wala ajali, kwa sababu ya kudhani tu. Ndiyo maana naandika.

Tazameni jambo hili. Mtu wa kwetu akienda Ulaya huogopa, kwa kuwa lugha ni ngeni, fedha ni ngeni na chakula ni kigeni. Kwa hiyo huuliza kila hatua. Akienda Kenya haogopi. Asikia Kiswahili sokoni, aona shilingi mkononi, asikia watu wakisema M-Pesa, aona ugali na sukuma wiki mezani, basi moyo wake walegea kama yuko Kahama. Hapo ndipo penye mtego. Majina ni mamoja, mambo siyo. Na tuyatazame majina hayo moja moja, kwa utaratibu wa safari yenyewe.

Kwanza, kitambulisho. Tangu mwaka 2014, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa tu. Habari hii imeenea, na baadhi ya watu wetu hudhani ya kuwa kitambulisho chetu nacho hutosha. Hakitoshi, maana Tanzania haimo katika mapatano hayo. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini hana budi kuwa na pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria itolewayo na Uhamiaji. Nayo yafaa kuombwa mapema, si juma la safari. Kila mtoto awe na hati yake. Na kama asafiri na mzazi mmoja tu, au na shangazi, chukueni cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya mzazi mwingine, ili kama ofisa akiuliza, jibu liwe mkononi. Tena chomeni sindano ya homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, mpewe na kadi yake. Sindano hiyo siku hizi yakubaliwa kwa maisha yote, kwa hiyo kadi itunzeni pamoja na vyeti vya nyumbani.

Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kiasi cha kilometa 160. Toka hapo barabara hupita Bunda na Tarime mpaka Sirari, na ng'ambo yake ni Isebania ya Kenya. Hapo shukeni ninyi nyote mkagongewe mhuri, hata kama mpigadebe akisema, “Piteni tu, hapana shida.” Asiye na mhuri wa kuingia atashindwa kueleza wakati wa kutoka.

Pili, shilingi. Jina ni lile lile, na watoto wetu huona ajabu kusikia kwamba shilingi ya Kenya si shilingi yetu. Katika miaka hii ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipata kiasi cha 20 za kwetu, ingawa kiwango hubadilika kila siku. Basi mtu akiambiwa, “Nauli ni 1,500,” hucheka kwa furaha, akidhani ni bei ya chai na maandazi. Na afanye hesabu kwanza. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 za Kenya kwa mtu mzima, na nusu yake, yaani 750, kwa mtoto wa miaka 3 hadi 11. Daraja la kwanza ni 4,500. Baba, mama, bibi na watoto wawili wa umri huo watalipa 6,000 kwa kwenda tu, katika daraja la kawaida. Hizo ni kama 120,000 za kwetu. Na kama watarudi kwa treni, ni mara mbili. Andikeni hesabu hiyo nyumbani, kwa shilingi zetu, kabla ya kuwaahidi watoto. Na fedha zenu msizibadilishe zote kwa vijana wasimamao mpakani na vibunda mkononi. Badilisheni kidogo ya chakula na basi, na nyingine mkaibadilishe dukani au benki.

Tatu, M-Pesa. Kwetu tunayo, na kwao wanayo. Lakini ni nyumba mbili. Tiketi za treni ya Kenya huuzwa kwa mtandao na kwa simu, kwa kupiga *639#, na fedha hulipwa kwa M-Pesa ya huko. Laini yako ya Tanzania haitakusaidia katika jambo hilo. Waweza kununua laini ya Kenya na kuiandikisha kwa pasipoti yako, au umwombe ndugu au rafiki aliyeko huko akununulie. Ukimwomba mtu, mpelekee majina kama yalivyoandikwa katika pasipoti, pamoja na namba ya hati ya kila mmoja. Wengi wetu tuna majina mawili au matatu, lile la nyumbani, lile la shuleni na lile la ukoo. Lakini treni hulijua lile la pasipoti tu. Siku za mwezi wa Desemba, na za Pasaka, na za likizo za shule, viti hujaa upesi. Kwa hiyo nunueni mapema, na tiketi ya kurudi nunueni pamoja na ile ya kwenda.

Nne, saa. Hili ndilo naliloliona likiwatesa watu kuliko mengine yote. Sisi wenye Kiswahili twahesabu saa toka macheo na machweo; tiketi huhesabu toka usiku wa manane. Kwa hiyo 08:00 ya tiketi ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri, na 22:00 ni saa nne usiku. Mtu atasema, “Hayo nayajua toka shule.” Ndiyo, huyajua akiwa ameketi. Lakini Wakenya wengi, hasa vijana wa mjini, huandika Kiswahili na kuacha saa katika hesabu ya Kizungu.

Jamaa mmoja wa mtaa wetu walisafiri wakati wa likizo: baba, mama, watoto wawili, na mama mzaa baba, bibi aliyepita miaka sabini, ambaye kwa ajili yake hasa safari ilifanywa, kwa kuwa alikuwa amesema mara nyingi kwamba angependa kuyaona maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa Nyanza alikwisha kuliona, akasema, “Hili nimeambiwa lina ng'ambo.” Kijana wao aliyeko Nairobi akawanunulia tiketi, akawapelekea ujumbe: “Treni ni saa 8, msichelewe.” Wao wakasoma saa nane mchana. Wakaondoka nyumbani kwa mwenyeji wao saa tano, wakisifiana kwa kuwahi. Wakafika stesheni saa sita, wamevaa nguo zao njema. Treni ilikuwa imeondoka toka saa mbili asubuhi, nayo wakati huo ilikuwa imekwisha kupita nusu ya safari. Treni za siku zile zilijaa zote, siku za ruhusa ya baba zilikuwa zimehesabiwa, na fedha iliyobaki ilikuwa ya basi la kurudi. Wakarudi Shinyanga. Bibi hakunung'unika, alisema tu, “Nairobi nimeiona, nayo ni mji mkubwa.” Lakini bahari hajaiona mpaka leo, na watoto wake wanaweka akiba tena.

Sikilizeni basi. Mkipelekewa habari ya saa, ulizeni: “Asubuhi, mchana au usiku? Na tiketi yenyewe imeandika nini?” Kisha somweni tiketi kwa sauti mbele ya nyumba nzima, pamoja na siku na tarehe, hata mtoto mdogo aijue. Ratiba nayo hubadilishwa mara kwa mara. Kwa hiyo msitumie ratiba ya rafiki aliyesafiri mwaka jana.

Tano, stesheni. Reli ya kwanza ya Kenya ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Stesheni ya zamani ya Nairobi iko katikati ya mji, na ukimwambia dereva “stesheni,” huenda akakupeleka hapo. Lakini treni mpya ya Mombasa, iitwayo Madaraka Express, ambayo ilizinduliwa Mei 31, 2017 na kuanza kuchukua abiria siku iliyofuata, haiondoki hapo. Yaondoka Nairobi Terminus, upande wa Syokimau, nje ya mji, na njia ya kwenda huko hujaa magari. Zipo treni ndogo za mjini ziendazo huko kutoka stesheni ya zamani, nazo huwaepusha watu na msongamano. Ulizeni ile inayoungana na treni yenu. Vivyo hivyo Mombasa: stesheni mpya iko Miritini, bara, wala si kisiwani. Mkishuka usiku msishangae kwamba hamwoni bahari wala taa za mji; mtaweza kupanda matatu au gari la kukodi. Kubalianeni bei kabla ya kuingiza mizigo.

Fikeni stesheni mapema, saa nzima kabla ya kuondoka au zaidi. Hapo mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa hupitishwa kuinusa. Waambieni watoto mapema, wasipige kelele. Kisha mizigo hupita katika mashine, na hati zenu hutazamwa pamoja na tiketi. Pombe na visu haviruhusiwi, hata kile kisu kidogo cha kumenyea machungwa ambacho mama zetu hukisahau ndani ya kikapu.

Sita, mfuko. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu Agosti 28, 2017, na adhabu yake ni kali mno: faini yaweza kufika shilingi milioni 4 za huko, au kifungo. Kwetu katazo lilianza Juni 1, 2019; lakini sote twajua kwamba mifuko ya zamani ingali imefichwa nyuma ya milango yetu, ikifungia viatu na dagaa. Kabla ya kuondoka fungueni masanduku, mwitoe yote. Tumieni vikapu vya ukili na mifuko ya nguo.

Haya ndiyo ya kujihadhari. Na sasa niseme kidogo juu ya furaha, maana msafiri akitaabika bure na afadhali akae kwake.

Kwa safari ya kwanza chagueni treni ya mchana. Treni ya usiku huokoa gharama ya kulala, lakini watoto hawataona ila sura zao katika kioo. Ziko treni ziendazo moja kwa moja, nazo huchukua kiasi cha saa tano. Na ile ya asubuhi husimama njiani, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na kwingineko, nayo huchukua kama saa sita. Katika daraja la kawaida viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, watu wakitazamana. Mkiwa watano, basi yafaa mwombe viti vya mstari mmoja. Mtokapo Nairobi, upande wa kulia ndio uelekeao Kilimanjaro, na mawingu yakifunuka mtauona mlima wetu kutoka nchi ya jirani, jambo litakalowapa watoto maneno ya juma zima.

Baadaye hufuata Tsavo. Hapo ndipo mwaka 1898 simba wawili waliwaua watu wengi waliokuwa wakijenga daraja la reli, hata kazi ikasimama, mpaka Mwingereza Patterson alipowapiga risasi mwezi wa Desemba. Nao hata leo wamewekwa katika nyumba ya makumbusho huko Chicago, Marekani. Reli ya sasa imeinuliwa juu ya matuta na madaraja, na chini yake zimeachwa njia za wanyama. Tazameni pande zote mbili: ndovu wa Tsavo huonekana wekundu, kwa sababu hujimwagia udongo wa nchi ile.

Ndani ya treni kuna behewa la chakula, na wahudumu hupita na vinywaji. Lakini bei ni ya safarini, kwa hiyo kuleni vema kabla ya kupanda. Mombasa mkifika, bahari haina kiingilio. Iko pia Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na nyuma yake Mji wa Kale wenye milango ya kuchongwa. Huko mtasikia Kiswahili chenye ladha nyingine. Sikilizeni kwa adabu, wala msiwacheke watu kwa sababu hawasemi kama Shinyanga.

La mwisho ni njia ya kurudi, na jina la saba: SGR. Wengine hawapendi kurudi kwa njia waliyoijia. Huvuka kivuko cha Likoni, ambacho mwenda kwa miguu halipi kitu, wakapita Lunga Lunga na Horohoro mpaka Tanga, kisha Dar es Salaam. Wakiwa huko husema, “Tulipanda SGR Kenya, tutaendelea na SGR nyumbani,” kana kwamba ni reli moja. Upana wa njia ni sawa, milimeta 1,435, lakini reli hizi mbili hazikutani mahali popote, na tiketi ya moja si kitu kwa nyingine. Ya Kenya huenda kwa dizeli. Ya kwetu, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka ule ule, huenda kwa umeme, na mwendo wake waweza kufika kilometa 160 kwa saa. Wazee wetu waitao kila treni “gari la moshi” itawapasa kutafuta neno jipya.

Nauli ya kawaida ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Linganisheni na zile 1,500 za Kenya, mtacheka: namba zapishana mbali, na thamani yakaribia kuwa moja. Kutoka Dodoma mwaweza kupanda basi kupitia Singida na Nzega. Kwetu Shinyanga iko reli ya zamani ya Tabora na Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na ujenzi wa kipande kipya cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, ulianzishwa mwaka 2021.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kufunga mizigo chukueni karatasi moja. Andikeni juu yake mambo sita: majina ya pasipoti, siku na tarehe, saa kama ilivyo katika tiketi na saa ya Kiswahili kando yake, jina kamili la stesheni, nauli kwa fedha zetu, na namba ya simu ya mwenyeji wenu. Mmoja aishike baba, nakala mama, na nakala nyingine mtoto mkubwa. Na kama mnasafiri na bibi, yeye naye mwandikieni, hata kama hajui kusoma. Atamwonyesha mtu, naye ataelekezwa.